Mitishamba ukiwa kwenye dripu za saratani: maswali na majibu

Ni kweli dawa za saratani hutoka kwenye mimea?
Kweli, na mmojawapo huenda umeota kibarazani kwako. Ni vinka, lile ua la petali tano, jeupe au la waridi, linalostawi kwenye mchanga wa pwani, Tanga hata Bagamoyo. Majani yake hutoa vinkristini, wanayodungwa watoto wenye saratani ya damu.

Basi si nichemshe majani ninywe?
Usithubutu. Gramu 1 ya vinkristini hutolewa kwenye majani makavu yapatayo nusu tani, na mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja. Sufuria haina kipimo hicho. Isitoshe, majani yana kemikali nyingine, na baadhi hushusha chembe nyeupe za damu. Dawa yenyewe ni kali: ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Tangawizi je?
Hii inaweza kusaidia kichefuchefu cha dripu. Unga wa nusu gramu hadi gramu 1 kwa siku, yaani robo hadi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa, ugawe asubuhi na jioni. Anza siku 3 kabla ya dripu, na vidonge vya kuzuia kutapika ulivyopewa uendelee navyo. Kama chembe sahani zako, zile za kugandisha damu, ziko chini au unasubiri upasuaji, muulize daktari kwanza, maana tangawizi inaweza kuongeza kutoka damu.

Manjano?
Ya kwenye mchuzi, kula. Vidonge vyake ni jambo jingine, hasa vilivyochanganywa na pilipili manga: hiyo huongeza sana kiasi kinachoingia mwilini, na ini ndilo hilohilo linalovunja dawa zako.

Machungwa ya Muheza yananidhuru?
Hapana, yale matamu kula. Epuka balungi na danzi. Huzuia kimeng'enya, yaani kemikali ya mwili, kinachovunja dawa kama imatinibu, kidonge cha saratani ya damu, na dawa inaweza kurundikana mwilini.

Nimeshanunua dawa ya miti ya chupa Ngamiani, Tanga. Nimwambie daktari?
Mwambie, tena nenda na chupa yenyewe, na majina ya miti kama muuzaji anayajua. Wengi huficha wakiogopa kufokewa, halafu ini likivurugika daktari hajui alaumu dripu au chupa. Mshubiri, kwa mfano, huharisha na kupunguza potasiamu; ukiongezea kutapika, moyo unaweza kuyumba.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa. Chembe nyeupe hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu nyingi. Maji ya mizizi yaliyolala siku mbili mezani, yenye povu juu, yana vijidudu ambavyo mwili hauwezi kupambana navyo wakati huo. Joto likifika 38, usijifukize mwarobaini: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, useme mara ya mwisho ulipata dripu lini.