Pengo la tawasifu ni nini? Mfano wa Sayyida Salme

Pengo la tawasifu ni sehemu ya maisha ambayo mwandishi aliiishi, anaikumbuka, na inaeleza mengine aliyoyasimulia, lakini hakuitia kitabuni. Sharti la kueleza mengine ndilo zito. Kila mwandishi huacha mengi, kwa kuwa hakuna kitabu kinachobeba miaka arubaini nzima. Aliyesahau kutaja rangi ya mlango wa nyumba yao hajaacha pengo. Pengo lipo pale ambapo matukio yaliyosimuliwa hayaelezeki bila lile lililonyamaziwa: mtu anahama usiku, au anabadili jina, na sababu anayoitoa haitoshi kueleza haraka aliyokuwa nayo.

Kwa msomaji wa Kiswahili hakuna mfano mzuri kuliko Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye Ulaya kama Emily Ruete. Alizaliwa katika jumba la Bet il Mtoni, Unguja, tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, na mama yake suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 katika majuzuu mawili, na hadi leo anapendwa kwazo. Katika dibaji anasema alianza kuandika miaka tisa kabla, kwa ajili ya wanawe, ambao hawakujua mengi kuhusu asili yake. Shika hilo la watoto, tutalirudia.

Kipimo cha kwanza cha pengo ni uzito wa kurasa. Salme anapoeleza utoto wake hana uchoyo. Anataja walivyokula na nani alikaa wapi, mavazi, shule ya Kurani, mwezi wa Ramadhani, sikukuu, magonjwa na dawa zake, na ugomvi wa masuria na watoto wao. Anasimulia jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, na jinsi elimu hiyo ilivyomponza mwaka 1859, alipokuwa karani wa njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sultani Majid. Halafu mwendo unabadilika. Mwaka 1866 na miaka kumi na minane inayoufuata, yaani mapenzi, kutoroka, ndoa, Hamburg, ujane na ulezi wa watoto watatu ugenini, inapita katika kurasa chache, na simulizi linatua tena Unguja mwaka 1885 kwa maelezo marefu. Kalamu iliyokuwa na subira ya kueleza sahani moja moja haiwezi kuwa imechoka ghafla. Imezuiwa.

Kipimo cha pili ni kalenda, nacho ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Chukua karatasi, andika matukio kwa miezi, kisha jaza tarehe kutoka nje ya kitabu. Kitabu kinasema hivi: alikuwa jirani na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete; urafiki ukawa mapenzi; ndoa haikuwezekana nyumbani; akaondoka kwa siri kwa manowari ya Uingereza, Highflyer; akakaa Aden akifundishwa Ukristo na kumsubiri Ruete, aliyebaki Unguja kumaliza shughuli zake; wakaoana, wakaenda Hamburg. Sasa weka tarehe. Aliondoka Agosti 1866. Alibatizwa na kuolewa Aden siku moja, 30 Mei 1867. Na kati ya tarehe hizo mbili, Desemba 1866, alijifungua mtoto wa kiume hukohuko Aden. Mtoto aliitwa Heinrich kama baba yake, na alifariki mwaka 1867 walipokuwa safarini kwenda Ujerumani.

Hesabu haihitaji ufundi. Kutoka Agosti hadi Desemba ni miezi minne, basi alipanda meli akiwa na mimba ya miezi mitano hivi. Kitabu hakisemi neno juu ya mimba wala mtoto. Ukirudisha tukio hilo mahali pake, maswali yote yaliyobaki yanajibika: kwa nini hakuweza kungoja hadi Ruete afunge biashara zake, kwa nini aliondoka bila yeye, kwa nini miezi tisa Aden. Mapenzi peke yake yangeweza kusubiri msimu mwingine. Mimba nje ya ndoa, ya binti wa Sultani na kwa mtu asiye Mwislamu, haikuweza.

Kipimo cha tatu ni kalamu za wengine. Kwa maisha ya Unguja ya wakati ule zipo barua za makonseli, za wafanyabiashara wa Hamburg, na rekodi za kanisa la Aden. Pia zipo barua zake mwenyewe, zinazosimulia miaka ya Ujerumani kana kwamba anamwandikia rafiki aliyebaki nyumbani. Hazikuchapishwa akiwa hai. Maandishi yake yalihifadhiwa Leiden, Uholanzi, na barua hizo zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993. Humo ndimo mlimo upweke, baridi, mashaka ya dini, na kifo cha mumewe, aliyegongwa na tramu ya farasi Hamburg Agosti 1870 na kumwacha na watoto watatu kabla hajatimiza miaka 26, mdogo akiwa na miezi minne tu. Kitabu kinalitaja tukio hilo kwa ufupi wa tangazo la gazeti.

Sababu za kunyamaza hazifanani, na kuzitenganisha ndiko kusoma kwenyewe. Kwa Salme ziko nne, zote zinavuta upande mmoja. Wasomaji wa kwanza walikuwa wanawe, nao wangesoma kuhusu kaka aliyezaliwa kabla ya ndoa. Wanunuzi wa kitabu walikuwa Wajerumani wa tabaka lenye heshima zake, ambao wangemsamehe kutoroka kwa ajili ya mapenzi lakini si hilo. Ndugu zake Unguja nao wangesoma au kusomewa. Na ya nne ni mirathi: alikuwa bado anadai haki yake, alikwenda Unguja mwaka 1885 pamoja na manowari za Kijerumani, na Barghash, aliyekuwa Sultani sasa, akakataa kumpokea. Kwa sheria ya Kiislamu aliyeritadi harithi. Kuongeza habari ya mimba juu ya habari ya ubatizo kungekuwa kumpa mpinzani wake kisu kwa mkono wake mwenyewe.

Pengo halikumfanya mwongo. Mwandishi yuleyule anakiri waziwazi katika kitabu kilekile kwamba aliondoka kwao Mwarabu kamili na Mwislamu mwema, na sasa ni Mkristo mbaya na Mjerumani wa zaidi kidogo ya nusu. Hilo lilikuwa gumu kuliandika Berlin ya 1886. Kunyamaza kwake kuna mpaka, na mpaka wenyewe unasomeka: hisia zake alikubali kuzitoa, mwili wake hakukubali.

Kuna aina nyingine ya kuficha ambayo huchanganywa na pengo, nayo ni kinyago: tukio lipo, ila jina, mahali au mwaka vimebadilishwa. Daktari wa mifugo wa Yorkshire, Uingereza, Alf Wight, aliandika kwa jina la James Herriot, jina alilolichukua kwa golikipa wa Birmingham City. Mji wa Thirsk akauita Darrowby, na kuanza kazi kwake mwaka 1940 akakurudisha hadi 1937. Hayo ni kinyago. Lakini msongo mkubwa wa akili uliomwangusha karibu na 1960, ambao mamilioni ya wasomaji waliocheka na vitabu vyake hawakuuhisi kabisa, ulijulikana vizuri pale mwanawe alipoandika wasifu wake mwaka 1999, baba akiwa ameshafariki. Hilo ni pengo. Kinyago hubandukika kwa ramani na daftari la usajili; pengo huhitaji shahidi.

Wasomaji hukosea hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujaza pengo kwa riwaya. Salme ameandikiwa mahaba mengi yasiyo na karatasi nyuma yake, na waongozaji wa watalii Mji Mkongwe wengine huongeza chumvi kila msimu. Ushahidi unatoa meli, tarehe, ubatizo, kuzaliwa na kufa kwa mtoto. Walichoambiana wawili wale wakiwa juu ya madari yao hautoi. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inajiona ya kisomi: kugundua pengo moja, kisha kukitupa kitabu kizima. Maelezo ya Salme kuhusu Bet il Mtoni na Bet il Sahel bado ni kati ya ushuhuda bora tulionao wa maisha ya ndani ya jumba la Sultani yaliyoandikwa na mwanamke aliyekulia humo, na siri ya 1866 haigusi hesabu ya vyumba wala mpangilio wa mlo. Kinachostahili mashaka yanayofaa ni pale maslahi yake yanapohusika: anavyomsifu Majid, ambaye hakumdhuru Ruete, na anavyomchora Barghash, ambaye alimnyima mlango. Aliandika kuhusu Barghash muda mfupi baada ya kunyimwa.

Ukitaka kumsoma kwa utaratibu, anza na kumbukumbu bila dibaji ya mhariri wa siku hizi, kwani wengi huanika siri katika ukurasa wa pili na kukunyang'anya nafasi ya kuuona mwendo ukibadilika mwenyewe. Ukifika kwenye kutoroka, simama, tengeneza kalenda yako. Ndipo ufungue barua.