Ndege mbuai wa Eilat: mtu anahesabuje shakivale elfu kumi kwa saa moja?

Tai wa stepi aliyekuwa akila kumbikumbi Serengeti mwezi wa kwanza anaweza kuwa juu ya Eilat mwezi wa tatu. Mji huo uko kusini kabisa mwa Israeli, kwenye ncha ya Ghuba ya Akaba. Ndege mbuai wenye mbawa pana hukwepa kuvuka bahari, kwa sababu safari yao hutegemea hewa moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo ni haba. Hivyo wengi wanaotoka Afrika kurudi Asia na Ulaya Mashariki hulazimika kuzunguka kupitia Suez na Sinai, kisha hutokea kwenye milima iliyo magharibi ya Eilat. Tai wa stepi wengi wana mzunguko mrefu zaidi: kwenda Afrika huvukia Bab el-Mandeb, mlango mwembamba wa bahari kusini mwa Bahari ya Shamu, kurudi hupitia hapa.

Mwaka 1985 walihesabiwa Eilat shakivale wa asali, aina mojawapo ya ndege hao mbuai, zaidi ya 850,000 katika msimu mmoja. (Jina linawaonea, chakula chao hasa ni mabuu ya nyigu.) Anayesikia tarakimu hiyo mara ya kwanza hudhani ni ya kukisia. Kwa sehemu ni kweli, lakini ni ukisiaji wenye kanuni, na kanuni ya kwanza ndiyo inayovunjwa zaidi na wageni: usihesabu ndege wanaozunguka.

Kundi likipata hewa moto hupanda likizunguka kama kisulisuli. Ndege mia tatu wanapishana, wengine wanaingia kwa chini, wengine wanafichwa na wenzao. Ukijaribu mara tatu utapata majibu matatu. Subiri. Wakifika juu, hewa inapokosa nguvu, wa kwanza hukunja mbawa kidogo na kuteleza kuelekea kaskazini, na wengine humfuata kwa mstari. Mkondo huo ndio wa kuhesabu. Elekeza darubini sehemu moja, tuseme ukingo wa wingu au kilele cha mlima, uishike hapo, kisha uhesabu kila anayevuka. Mkono usiwafuate ndege. Anayevuka kwenda kaskazini anaongezwa, anayerudi kusini anapunguzwa, na anayekaa kuwinda panya bondeni haingii kabisa.

Mpaka ndege hamsini hivi, hesabu mmoja mmoja. Wakizidi hapo, kumi kumi: jicho lijifunze kumi wanaenea kiasi gani kwenye duara la darubini, ujisahihishe kila baada ya muda kwa kuhesabu kumi halisi. Mkondo wa maelfu unapimwa kwa mafungu ya mia. Hesabu mia ya kwanza kwa uangalifu, angalia inachukua urefu gani wa anga, kisha ulaze kipimo hicho juu ya mkondo mzima. Sehemu nyembamba na sehemu nene zisipimwe kwa kipimo kimoja, maana hapo ndipo makosa makubwa huzaliwa. Kundi kubwa mtu hulipunja zaidi kuliko kulizidisha. Dawa yake ni kamera: piga picha ya mkondo, andika makisio yako kabla hujaitazama, usiku uhesabu nukta moja moja. Siku chache tu na utajua unapunja kwa kiasi gani.

Kihesabio cha kubonyeza kwa kidole gumba ni kitu kidogo chenye uwezo wa kuharibu siku nzima. Kimoja kwa spishi moja: shakivale mkono wa kushoto, mwewe mkono wa kulia, wengine kwenye karatasi. Kama bonyezo moja ni ndege kumi, liwe kumi tangu asubuhi hadi jioni. Usikirudishe kwenye sifuri kila saa. Andika namba inayosomeka, kisha utoe ile ya saa iliyopita. Kikijibonyeza mfukoni, mruko utaonekana kwenye fomu. Ukirudisha sifuri kila mara, hautaonekana kamwe.

Kalenda yao inajulikana vizuri. Tai wa stepi hupita kuanzia mwezi wa pili hadi wa tatu. Shakivale wa stepi huwa wengi zaidi mwishoni mwa mwezi wa tatu na mwanzoni mwa wa nne, mwewe weusi wakiwa katikati yao. Kipanga wa Shamu huja kwa makundi yaliyoshikana, wengi katika siku kumi za mwisho za Aprili. Shakivale wa asali hufunga msimu mwezi wa tano.

Kuwatofautisha, tazama mbawa kabla ya rangi, kwa sababu juani rangi hudanganya. Shakivale wa stepi akizunguka huinua mbawa kidogo kama herufi V. Yule wa asali huziweka bapa, na akiteleza huzishusha kidogo. Kichwa chake chembamba hujitokeza mbele kama cha njiwa. Mwewe utamtambua kwa mkia wenye mkato katikati, anaoupindapinda kama usukani. Kwa tai wa stepi andika na umri: mchanga ana mkanda mpana mweupe chini ya bawa. Spishi hii imo katika orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 2015, na uwiano wa wachanga kwa wakubwa unakueleza jambo ambalo jumla peke yake haiwezi. Usiyemtambua mwandike hivyohivyo, “hajulikani”. Kumgawia spishi kwa sababu wenzake wote leo ni shakivale ni kosa, hata kama pengine ungepatia.

Anga ya bluu tupu ndiyo adui mkubwa, kuliko joto na kuliko vumbi. Asubuhi ndege huinuka chini kwenye mabonde walikolala na unawaona kwa macho. Adhuhuri hewa moto huwapandisha mpaka wawe nukta, na fomu inaonyesha idadi imeshuka wakati njia imejaa. Pekua anga kwa mistari: upeo wa macho kutoka kushoto hadi kulia, panda nusu ya duara la darubini, rudi, mpaka utosini. Darubini ya mara 8 inatosha kwa kazi hiyo. Ya miguu mitatu ni ya kutambua tu. Upepo nao huhamisha njia nzima. Wa magharibi huwasukuma kuelekea Akaba, wa mashariki huwarudisha ndani ya Sinai, na kituo kimoja kitadhani hawakupita. Vituo viwili vinahitaji redio na mstari mmoja uliokubaliwa wa nani anahesabu upande gani, vinginevyo kundi moja litaandikwa mara mbili. Kuna pia upepo wa jangwa uitwao hamsini, na jina ni lilelile la namba yetu. Ukivuma, andika umbali unaoonekana kila saa, maana sifuri ya siku ya vumbi si sawa na sifuri ya siku angavu.

Mwisho ni saa yenyewe. Israeli husogeza saa mbele Ijumaa kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, yaani katikati kabisa ya msimu wa shakivale wa stepi. Ndege hawana habari nayo. Fomu ibaki kwenye saa ya kawaida, ile ya kabla ya kusogezwa, msimu wote, na iandikwe juu yake kwa wino. Sisi tuliozoea kuhesabu saa tangu jua kuchomoza tuwe waangalifu zaidi: saa tatu asubuhi kwenye fomu ni 09:00, na aliyeandika 03:00 amewarusha shakivale elfu nne usiku wa manane.