Je, wajua kwa nini ukurasa wa oda 200 huuliza hifadhidata mara 201?

Ukurasa ukichelewa kufunguka, lawama huiendea hifadhidata: data imejaa, ongeza RAM. Nami niliamini hivyo. Kwenye programu ya muuza leso mmoja wa Mtaa wa Biashara, Mombasa, ukurasa wa oda 200 ulichukua nusu dakika. Niliweka indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji), nikaongeza RAM, na hali ikabaki vilevile. Intaneti sikuishuku, maana nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika papa hapa Mombasa mwaka 2009. Lakini waya kutua pwani yetu hakuisogezi Frankfurt, na hifadhidata ilikuwa huko. Kila kwenda na kurudi kulikula milisekunde 150 hivi.

Ukweli niliuona nilipozitazama kwari, yaani maswali yanayotumwa kwa hifadhidata, moja moja. Ya kwanza ilileta oda zote. Chini yake ilifuata mistari 200 ya sura moja: mteja namba 17, mteja namba 18, mteja namba 23... Kila jibu lilipatikana chini ya milisekunde moja. Hifadhidata ilikuwa nyepesi tangu mwanzo! Safari 201 za milisekunde 150 ndizo zile sekunde 30.

Zana za ORM, kama Hibernate na ile ya Django, hugeuza safu za jedwali kuwa vitu vya programu. Kwa upakiaji mvivu, oda huja bila mteja wake. Mahali pake huwekwa namba tu. Ukigusa oda.mteja.jina, ndipo kwari inatoka. Msimbo unasomeka kama unachukua kitu kilicho mkononi, kumbe umevuka bahari.

Fikiria kijana wa Likoni anayetumwa Marikiti. Anavuka kwa feri, ananunua iliki, anarudi. Anatumwa tena binzari, kisha mdalasini. Mzigo hauna uzito na muuzaji hamcheleweshi. Siku inaishia kivukoni. Mpe orodha nzima avuke mara moja.

Orodha hiyo kwenye Django ni select_related, kwenye Hibernate ni JOIN FETCH. Kwari zikawa moja, na ukurasa ukafunguka chini ya sekunde.

Usikimbilie kuweka EAGER, yaani upakiaji wa mapema ulio kinyume cha ule mvivu, kila mahali, ingawa ndilo wazo la kwanza la wengi. Ukiomba oda kwa JPQL (lugha ya kuandikia kwari kwenye Java) bila JOIN FETCH, Hibernate huweza kumfuata kila mteja kwa kwari yake, hata uhusiano ukiwa EAGER. Na ukiunganisha makundi mawili kwa mpigo, safu huzidishana: oda moja yenye bidhaa 10 na malipo 4 hurudi na safu 40.

Kwa hiyo uvivu nimeuacha kwenye modeli, na kila ukurasa unaomba unachohitaji. Picha za leso bado husubiri mpaka mtu afungue oda yenyewe, na hapo kungoja kwari moja ni sawa kabisa.