Je, wajua kwa nini kituo kimoja cha FM husikika kwa sauti kubwa kuliko kingine?

Ukihama kutoka kituo kimoja cha FM hadi kingine bila kugusa kitufe cha sauti, mara nyingi utakuta kimoja kinakujia kwa sauti nzito iliyojaa, na kingine kinasikika kana kwamba mtangazaji amesogea hatua mbili nyuma ya maikrofoni. Jibu ambalo wengi hulitoa papo hapo ni kwamba kituo cha kwanza kina mtambo wa kurushia wenye nguvu zaidi. Jibu hilo linaelekea kuwa na mantiki, kwa sababu tumezoea kwamba kipaza sauti chenye wati nyingi hutoa sauti kubwa, lakini kwa FM si sahihi, na inafaa kuona kwa undani ni kwa nini.

Katika FM sauti haibebwi na ukubwa wa wimbi, bali na kuyumba kwa masafa yake, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Kituo kinachorusha kwenye 95 MHz hakitulii hapo: kila sauti inapopanda na kushuka, masafa hayo nayo husukumwa juu na chini, na kadiri yanavyosukumwa mbali ndivyo spika ya msikilizaji inavyosukumwa mbali. Redio, kabla ya kuisoma sauti hiyo, kwanza husawazisha ukubwa wa wimbi lililoingia na kulifanya la kimo kimoja, kisha hupima kuyumba peke yake. Kwa hiyo mtambo wa wati 500 na ule wa wati 10,000, vikiyumbisha masafa kwa kiasi kilekile na vyote viwili vikipokelewa vizuri, husikika kwa sauti ileile. Wati huamua matangazo yatafika umbali gani na yatasafiri na mkwaruzo kiasi gani. Hata katika AM, ambako ukubwa wa wimbi ndio unaobeba sauti, redio za kawaida zina saketi inayosawazisha mawimbi yanayoingia, na hivyo kituo cha mbali na cha jirani havitofautiani sana kwa sauti kama mtu angetarajia.

Kuna hali moja ambayo hoja ya wati huonekana kuwa kweli. Mawimbi yakiwa dhaifu sana, redio nyingi, hasa za magari, hupunguza sauti za juu, huacha stirio na kurudi kwenye mono, na nyingine huteremsha sauti yote ili kuficha mkwaruzo. Hapo msikilizaji huona kwamba kituo dhaifu kina sauti ndogo. Hata hivyo uamuzi huo umefanywa na redio yake.

Basi mtu atasema: kituo na kiongeze tu sauti inayoingia kwenye mtambo. Hakiwezi kuendelea kufanya hivyo, kwa sababu kuna dari. Karibu kila mahali duniani kuyumba kwa FM kunaruhusiwa kufikia kHz 75 kila upande, na kituo kinachozidi hapo huharibu matangazo ya jirani zake. Vituo vyote viwili viko chini ya dari moja na vyote viwili huigusa. Tofauti iko katika kile kinachojaza nafasi iliyo chini yake.

Fikiria lori linalopaswa kupita chini ya chuma cha kupimia kimo. Likiwa na magunia ya kawaida na mti mmoja uliosimama juu yake, mti huo ndio unaoamua: hata kama magunia yamefika nusu tu ya kimo kinachoruhusiwa, huwezi kuongeza gunia lingine chini yake bila mti kugonga chuma. Ukiufupisha mti, unaweza kupakia magunia hadi karibu na chuma. Katika muziki mti ni pigo la ngoma linalodumu kwa milisekunde chache, au ncha ya herufi inayotamkwa kwa nguvu. Sikio halihukumu ukubwa wa sauti kwa ncha hizo fupi, bali kwa wastani wa muda fulani. Ndiyo sababu kipimo cha kimataifa cha ukubwa wa sauti, ITU-R BS.1770 cha mwaka 2006, hukokotoa nguvu ya wastani badala ya kusoma vilele, na mita zilizojengwa juu yake hutumia dirisha la milisekunde 400 kwa usomaji wa papo hapo.

Kazi ya kufupisha miti hufanywa na programu ya kuchakata sauti, ambayo huwa na kompresa za kusawazisha kila sehemu ya masafa peke yake, kisha limita inayoteremsha sauti inapokaribia dari, na mwishoni klipa inayokata kila kinachovuka dari. Zamani kazi hiyo ilihitaji vifaa maalumu vya gharama kubwa. Leo programu kama Stereo Tool huifanya ndani ya kompyuta ya kawaida, pamoja na kutengeneza mawimbi kamili ya stirio. Vitufe vyake ni vingi mno kuvieleza vyote, na sehemu kubwa ni suala la ladha. Kilicho muhimu zaidi, ambacho pia ndicho cha ajabu zaidi, ni mpangilio wa hatua.

Ajabu yenyewe ni hii: ukikata kilele cha wimbi kisha ukalichuja wimbi hilo, kilele hurudi. Chukua mlio wa kHz 6 uliokatwa kwa nguvu mpaka ukawa wa mraba, wenye kimo cha 1 kamili. Wimbi la mraba ni mlio wa msingi pamoja na milio mingine ya juu yake, kwa mfano huu kHz 18, kHz 30 na kuendelea. Sauti ya FM hupitia kichujio kinachoondoa kila kitu kilicho juu ya kHz 15 au karibu yake, kwa hiyo milio yote ya ziada hutoweka na unabaki ule wa msingi pekee. Mtu angetarajia kwamba kwa kuondoa kitu, wimbi litapungua. Badala yake kimo chake huwa 1.27, yaani 4 ikigawanywa kwa pai. Ile milio ya ziada ndiyo iliyokuwa ikibonyeza kilele kibaki bapa. Ikiondoka, kilele huchomoza. Kuyumba kulikokuwa kHz 75 sasa kunakaribia kHz 95, na fundi hulazimika kuteremsha sauti yote kwa desibeli 2 hivi ili arudi chini ya dari.

Hii ndiyo sababu kifaa cha kuchakata sauti kiitwacho Optimod, ile ya kwanza ya FM aliyoitoa mhandisi Robert Orban mwaka 1975, iliunganisha limita, vichujio na kitengeneza stirio katika kisanduku kimoja, ili kifaa kinachokata kijue kichujio kitafanya nini na kirekebishe. Kwa anayepanga programu leo, funzo ni lilelile: baada ya klipa pasiwe na chochote kinachobadilisha umbo la wimbi. Ukichakata studio kisha ukatuma sauti kwenda mtamboni kwa njia inayopunguza data yake kama MP3, upunguzaji huo utarudisha vilele hata kama sikio halitambui tofauti yoyote. Ni afadhali kuweka kompyuta ya kuchakata pale pale penye mtambo.

Kosa jingine huja kimyakimya. Kabla ya kurushwa, sauti za juu za FM huongezwa nguvu makusudi, na redio huzipunguza tena ili kupunguza mkwaruzo. Kiasi cha nyongeza hiyo hutajwa kwa mikrosekunde: Ulaya na Afrika hutumia 50, Marekani 75. Kwa mikrosekunde 50, mlio wa kHz 15 hupandishwa kwa karibu desibeli 14, kwa hiyo herufi "s" na matoazi ndivyo vinavyogonga dari kwanza. Lazima nyongeza hiyo ifanywe na programu, kabla ya klipa, na ile iliyomo ndani ya mtambo izimwe. Zote mbili zikiwaka, kila "s" itachoma masikio. Zote zikizimwa, kituo kitasikika kama kilichofunikwa blanketi.

Kadi ya sauti, yaani sehemu ya kompyuta inayotoa sauti kwenda mtamboni, nayo hustahili kupimwa. Kadi nyingi huzuia masafa ya chini kabisa, na wimbi la mraba la Hz 50 likipita humo, paa lake lililokuwa tambarare hutoka limeinama upande mmoja. Ncha iliyoinuka huvuka dari kila besi inapopiga. Programu nzuri za utangazaji zina marekebisho ya mwinamo huo, na mtu akiwa na oskiloskopu, kifaa kinachoonyesha umbo la wimbi, anaweza kuzungusha kitufe mpaka paa lirudi tambarare.

Kwa anayetumia programu kama hiyo kusikiliza tu nyumbani mambo ni mepesi zaidi, maana hakuna dari ya kHz 75 wala nyongeza ya sauti za juu. Mipangilio ya vyote viwili izimwe kwenye programu. Sauti ya kompyuta huelekezwa kwenye kebo ya kidijitali isiyo ya kushikika, yaani programu ndogo inayojifanya kebo, programu ya kuchakata huichukua hapo na kuipeleka kwenye spika, na "maboresho" ya sauti ya Windows huzimwa yasichakate mara ya pili. Sauti ikikatikakatika, ongeza bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kabla ya kuchezwa. Ukitazama filamu na midomo ya waigizaji ikaachana na maneno, punguza bafa hiyo. Mafundi wengi husema sauti iliyobanwa sana, yaani iliyojazwa hadi karibu na dari, huchosha masikio. Kauli hiyo imejengwa zaidi juu ya uzoefu kuliko vipimo, lakini nyumbani, ambako hakuna jirani wa kushindana naye, hakuna sababu ya kubana hivyo.

Hitilafu moja ya utangazaji huwapoteza hata waangalifu: taa ya stirio kwenye redio inawaka, lakini sauti ni mono. Mawimbi kamili ya stirio yana ishara ya kHz 19 inayowasha taa hiyo, tofauti ya kushoto na kulia iliyokaa kati ya kHz 23 na 53, na RDS, yaani data kama jina la kituo linaloonekana redioni, kwenye kHz 57. Kadi ikiwa imewekwa kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, haiwezi kupitisha chochote kinachozidi kHz 24. Ishara ya kHz 19 hupita salama, tofauti yenyewe karibu yote hubaki nje. Zima upande wa kushoto studio na usikilize redioni: ikiwa spika zote mbili bado zinatoa sauti sawasawa, panda hadi sampuli 192,000, kwenye programu na kwenye mipangilio ya Windows pia, kwa kuwa mpangilio wa Windows ukibaki chini unaweza kuyakata mawimbi hayo kabla hayajafika kwenye kadi.