Balbu haili mkondo wa umeme

Wengi huamini kwamba mkondo wa umeme hupungua ukishapita kwenye balbu, kana kwamba balbu imeula. Si kweli. Weka ammita, yaani kifaa cha kupimia mkondo, kabla ya balbu, kisha baada yake: ikisoma ampea 0.5 huku, itasoma 0.5 kule pia. Elektroni, chembe ndogo zinazobeba umeme, zinazoingia kila sekunde ni sawa na zinazotoka. Kinachotumika ni nishati, inayogeuka mwanga na joto.

Betri ya volti 6 na ukinzani (kizuizi cha mkondo) wa omu 12 hutoa ampea 0.5, yaani 6 ÷ 12. Ongeza omu 12 nyingine kwa mfuatano, yaani mmoja baada ya mwingine, mkondo utashuka hadi 0.25, tena katika sakiti (njia ya umeme) nzima, hata kabla ya ukinzani wa kwanza. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama.