Kaamatan: masuke saba kabla ya taji

Ukitafuta picha za Kaamatan mtandaoni, utaletewa warembo waliovaa mahameli meusi yenye nakshi za dhahabu, wakishindania taji la Unduk Ngadau. Mimi kazi yangu ni kuchunguza mila za wakulima wa mpunga, na taji hilo nalifikia mwisho. Naanza na masuke saba.

Kaamatan ni sikukuu ya mavuno ya Wakadazan-Dusun wa Sabah, jimbo la Malaysia katika kisiwa cha Borneo. Husherehekewa Mei nzima, kijiji kwa kijiji, hadi kilele chake tarehe 30 na 31.

Kwa desturi ya zamani, kabla watu hawajaingia shambani kuvuna, bobohizan, yaani kuhani wa kike, huchagua masuke saba yaliyojaa vizuri, akayafunga pamoja. Hayaguswi mpaka mavuno yaishe. Hapo ndipo huyakata na kuyapeleka nyumbani kwa mwenye shamba. Ndani ya masuke hayo anakaa Bambaazon, roho ya mpunga.

Ila roho hiyo haikai pamoja muda wote. Mafuriko huichukua, wadudu huila, punje zilizomwagika ovyo huondoka na sehemu yake. Kwa hiyo hufanywa Magavau: bobohizan huimba maombi marefu, wakiita kila kilichopotea kirudi, kisha Bambaazon huandaliwa chakula na pombe ya mchele. Asiporudishwa, msimu ujao una mashaka.

Kisa cha jinsi mpunga ulivyopatikana kinaanzia kwenye njaa. Muumba Kinoingan na mkewe Suminundu walimtoa binti yao wa pekee, Huminodun, ili watu wapate kula. Mwili wake ukawa mpunga, kichwa kikawa nazi, vidole tangawizi, meno mahindi. (Mahindi yalifika Asia kutoka Amerika, kwa hiyo kisa hiki kimekuwa kikiongezewa mazao njiani, jambo ambalo kwangu linakifanya kitamu zaidi.) Na taji la Unduk Ngadau hutolewa kwa kumkumbuka huyohuyo Huminodun.

Leo Wakadazan-Dusun wengi ni Wakristo, na bobohizan wamebaki wachache, wengi wao wazee. Magavau mara nyingi huonyeshwa ukumbini Hongkod Koisaan, Penampang, mbele ya wageni rasmi na kamera. Nje patu zinapigwa, watu wanacheza sumazau mikono ikipepea taratibu, na mtungi wa tapai, pombe ya mchele, unazungukwa na wanywaji wenye mirija. Kwa maoni yangu, ukumbi umeiokoa ibada isisahaulike, lakini umeiondoa shambani, na Bambaazon alikuwa akiitwa kutoka huko.