Mgahawa Ukifurika, Jikoni Kunatokea Nini?

Ijumaa usiku marafiki zangu walinivuta twende tukaujaribu mgahawa unaosifiwa mji mzima. Si pa kuvalia suti: unaagiza kaunta, unapewa namba, unakaa penye nafasi. Mimi ni mpishi, na siku hizi nafundisha wapishi wa majiko yenye wateja wengi, kwa hiyo kabla sijaitazama menyu nilishatazama jikoni. Bahati nzuri jiko lilikuwa wazi, kila kitu kinaonekana.

Wengi huamini kwamba mgahawa ukijaa ndipo chakula kinapokuwa kizuri. Ni kweli, ila kuna kikomo. Wateja wakimiminika, nyama haikai kwenye friji, mboga haisinyai, chipsi hazipati muda wa kulala chini ya taa za kutunza joto. Lakini kila jiko lina mwisho wa uwezo wake, na mara nyingi kinachoishiwa nguvu mapema si wapishi, ni moto.

Chukua chipsi. Mafuta yanatakiwa yafike nyuzi za Selsiasi 175 hadi 190. Ukizamisha kikapu kilichofurika viazi vya baridi, joto linaporomoka hapo hapo. Viazi vinachelewa kushika ganda na vinatoka vimelegea. Tena, mafuta mengi hayaingii kwenye chipsi zikiwa zinakaangwa. Zikiwa ndani, mvuke unaotoka kwenye kiazi unayasukuma nje. Ukizitoa zikaanza kupoa, mvuke unakatika na mafuta yaliyonata juu yananyonywa kuingia ndani. Ndiyo maana kijana wa chipsi wa pale alinifurahisha. Kikapu alikijaza nusu tu, akikitoa anakikung'uta kwa nguvu mara kadhaa, halafu anayaacha mafuta yarudi kwenye moto wake kabla ya kuzamisha kingine, na hapo tiketi za oda zimejipanga mbele yake hadi zinaning'inia. Chipsi zetu zilifika kavu, ukiuma unasikia.

Kwenye nyama mambo yalikuwa mengine. Ile rangi ya kahawia na harufu inayokuita toka mlangoni hutokana na mmenyuko kati ya sukari na asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, uliopewa jina la mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Unashika kasi kuanzia nyuzi 140 hivi. Maji nayo huchemka kwenye 100 na hayapandi zaidi ya hapo, kwa hiyo nyama ikiwa bado imelowa maji juu, haiwezi kupata rangi hiyo hata ukiikalia kimya nusu saa. Mpishi wa zamu alivibananisha vipande vya nyama ya kusaga kwenye bamba la chuma mpaka hakikubaki kiasi cha kupitisha kidole. Bamba likapoa, maji yakatuama, nyama ikachemka badala ya kuchomeka. Yangu ilikuja ya kijivu. Kuiva iliiva, na nyama ya kusaga ni lazima iive mpaka katikati, nyuzi 71, kwa sababu kusaga kunawaingiza ndani bakteria waliokuwa juu tu. Ila ladha ya moto haikuwepo. Mwenzangu aliyeagiza kuku wa kukaanga alikula hadi akasahau kupiga soga.

Foleni ya mlangoni nayo ina hesabu yake. Msomi Mmarekani John Little alithibitisha mwaka 1961 kwamba wastani wa watu waliomo mahali ni sawa na kasi ya wanaoingia ikizidishwa kwa muda wanaokaa. Mgahawa wa viti 60 ambao mteja hukaa dakika 45 unaweza kuhudumia watu 80 kwa saa. Akikaa saa nzima, ni 60. Dakika 15 za soga zimewaacha watu 20 nje! Sasa unajua kwa nini vile viti havina hata pa kuegemea, na kwa nini sahani huondolewa ukiwa bado unatafuna.

Kelele ndiyo iliyonichosha zaidi. Sakafu ya vigae, kuta tupu, dari la zege: sauti haina pa kufia. Mwaka 1911 tabibu wa masikio Étienne Lombard alionyesha kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua. Meza ya jirani ikipaza, na wewe unapaza, nao wanazidisha. Muziki ukipunguzwa kidogo chumba kizima hushuka, lakini sijaona mwenye mgahawa anayethubutu kufanya hivyo Ijumaa.

Nitarudi, ila katikati ya wiki, nusu saa kabla foleni haijaanza, bamba likiwa limepata moto na bado lina nafasi. Chipsi nitaagiza siku yoyote.